Nta ya Pasaka

Kwako Bernadette,

Wenye mihuri wameandika Nabintu peke yake kwenye diploma yako, kwa sababu majina ya ubatizo yalikatazwa ungali unanyonya. Wasome wanavyotaka. Mimi ndiye niliyekubeba mpaka kwenye maji, mimi ndiye ninayeandika leo, na kwenye karatasi yangu unaitwa Bernadette.

Umekwenda Mudaka kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla ya jioni, maana bibi hamwachi mtu aondoke bila kula mara mbili. Kesho asubuhi lori linalokwenda kuchukua mchele litakushusha kwa barabara ya Ngomo mpaka Luberizi, ukafundishe darasa la kwanza. Sanduku lako nimekwisha kulifunga. Sikuandikii kukuambia uchemshe maji, ulale ndani ya chandarua, usicheke ovyo na askari wa barabarani. Hayo unayajua, na usiyoyajua mbu wa kule watakufundisha kwa usiku mmoja. Nakuandikia kwa ajili ya jambo moja tu.

Jumapili, mbele ya ugali na sombe, tonton wako Murhula alikupa sharti. Nakumbuka maneno yake yote.

“Ukifika kule, usiseme mama yako ni nani. Sema uko mutoto ya Kabare, papa yako alifia ku dhahabu kule Mwenga, basi. Jina ya Nsimire usiitaje. Umesikia?”

Ukaniangalia. Ulingoja nicheke, au nimkemee kama ninavyomkemea kila siku kaka yangu huyo. Mimi niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kijiko. Wewe ukasema, “Ndiyo, tonton,” ukaendelea kula, lakini hukumaliza sahani yako.

Basi usimsikilize. Wa kwanza kukuuliza Luberizi wewe ni wa nani, mwambie: mimi ni mtoto wa Nsimire, yule wa buanderi ya Masista. Lakini kabla hujalitamka jina hilo ni lazima ujue unatamka nini, kwa maana kule yuko mwanamke mmoja mwenye haki ya kulichukia. Anaitwa Mapendo. Nilimtendea ubaya, na ubaya huo ndio umekulisha wewe. Afadhali uusikie kwangu kuliko kuusikia sokoni kwao kutoka kwa watu usiowajua.

Buanderi unaijua. Umekulia chini ya meza yake ya kupigia pasi, katika nyumba ile ya kufulia nyuma ya konva ya Masista, upande wa Nguba, yenye mabirika mawili ya saruji na dirisha linaloangalia ziwa. Usichokijua ni kwamba sikuianzisha mimi. Nilipoingia pale nilikuwa msichana wa darasa la sita, najua kusoma na kuandika na kuimba Kilatini nisichokielewa, na nilikuwa sijawahi kufua hata shuka moja ipasavyo. Mkubwa wa kazi alikuwa Maman Mapendo, mwanamke wa Luberizi, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng’ombe. Hakujua kusoma hata herufi moja. Alijua nguo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu unachoona mikono hii ikifanya. Siku ya kwanza alinipa shati la padri lenye mawese kifuani, nami nikalitumbukiza kwenye maji mara moja kama mtu anayezima moto. Alinipiga konzi.

“Mafuta na maji biko maadui,” akasema. “Ukibakutanisha bila mushahidi, banapigana ndani ya nguo. Weka sabuni katikati kwanza, njo basikilizane.”

Kwanza unga wa muhogo, mkavu, unyonye kile kinachonyonyeka. Uupanguse. Kisha sabuni juu ya nguo kavu, uisugue kwa vidole mpaka ikae laini, na hapo tu ndipo maji. Ikibaki ile rangi ya njano, usigombane nayo, usiitafutie dawa kali. Tandaza nguo mbichi juu ya majani, jua litaila rangi ya mawese lenyewe kabla ya saa tisa. Nilidhani ananidanganya. Nilikaa chini nikilinda shati lile kama mtu anayelinda mtama, na kweli, njano iliondoka bila mtu kuigusa.

Nta ilikuwa kazi kubwa zaidi, na kule kwa Masista nta haikwishi. Mishumaa ya misa, ya rozari, ya maiti, ya komunyo ya kwanza. Nta usiisugue ingali laini. Iache igande, uikwangue kwa mgongo wa kisu, halafu uweke karatasi chini na karatasi juu, na pasi ya makaa isiyo kali sana ipite. Nta inayeyuka inaingia kwenye karatasi. Unasogeza karatasi mahali pasafi, unapita tena, unasogeza tena. Kikibaki kivuli cha mafuta, ni sabuni na maji ya moto. Mshumaa ukiwa wa rangi, rangi yake inatolewa kwa kanyanga. Ndiyo, kanyanga ileile inayoangusha wanaume. Maman Mapendo alinituma kuinunua kwa kichupa, na kabla ya wiki kwisha kartie nzima ilikuwa inasema Nsimire ameanza kunywa. Nilitaka kulia. Yeye alicheka mpaka akaketi.

Karatasi ya kazi hiyo ilikuwa ya mifuko ya simenti. Si ile ya nje; ile ya ndani, safi, isiyo na chapa. Tuliikata, tukaikung’uta vumbi, tukaiweka chini ya godoro ili inyooke. Na alikuwa na amri moja ambayo hakuisema mara mbili kwa siku, bali mara kumi.

“Karatasi yenye kusema usiitie ku nguo. Itasema na ku nguo.”

Yenye kusema, maana yake yenye maandishi. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Nilijiambia: huyu hajui kusoma, ndiyo sababu anaogopa herufi. Kumbuka hapo, mwanangu, maana ndipo nilipoanza kupotea. Kabla ya woga kulikuwa na kiburi. Nilikuwa na cheti cha darasa la sita kwenye sanduku, na nilikuwa nafundishwa kazi na mwanamke anayetia kidole gumba kwenye wino ili achukue mshahara wake.

Wewe ulikuwa na miaka miwili. Papa yako alikuwa amekwisha kwenda Mwenga kwenye dhahabu, ile safari ambayo hakurudi. Ilikuwa Pasaka. Usiku wa mkesha mshumaa mkubwa ulikuwa umeinama, na nta ikamwagika juu ya kitambaa cha altare, kile kirefu cha kitani, cheupe, ambacho Masista waliletewa kutoka mbali na hawakuwa na kingine kama hicho. Jumatatu ya Pasaka tukakitandaza mezani. Doa lilikuwa kubwa kama sahani. Tukakwangua. Kisha Maman Mapendo akaenda kuchota maji chini, kwa sababu bomba lilikuwa limekatwa, akaniachia pasi.

Karatasi ya simenti ilikuwa imekwisha. Kazi ya kujenga darasa jipya ilikuwa imesimama, mifuko haikuja tena. Ningeweza kungoja. Hakuna aliyenikimbiza. Lakini juu ya rafu kulikuwa na gazeti, nami nilikuwa msomi. Nikachukua ukurasa mmoja, nikauweka juu ya nta, nikapitisha pasi. Nikafurahi kuona jinsi gazeti linavyonyonya. Nikakandamiza vizuri.

Nilipoinua ukurasa, Guide alikuwa ananiangalia kutoka kwenye altare.

Uso mzima, Bernadette. Miwani, kofia ya ngozi ya chui, kidevu, ila kila kitu kimegeuka upande wa pili. Nta ya moto ilikuwa imeunyonya wino na kuukabidhi kitani. Miaka ile, kumbuka, picha hiyo ya Rais ilikuwa kwenye kila ukuta wa ofisi na kwenye vifua vya mavazi ya wacheza ngoma wa Chama. Watu walikamatwa kwa kufungia karanga ndani ya ukurasa wenye picha hiyo. Nami nilikuwa nimemtia juu ya meza ya Bwana, na sasa nilipaswa kumtoa kwa sabuni.

Nitakuambia ukweli: kwanza nilicheka. Halafu nikakimbilia mlango nikaurudishia.

Maman Mapendo aliporudi na ndoo aliangalia kitambaa, akaniangalia, hakunipiga konzi wala hakusema, “Nilikuambia.” Akaipeleka pasi nje, kwa sababu makaa na petroli havikai chumba kimoja, akafunga kikwembe chake vizuri kiunoni, akamimina petroli kidogo kwenye pamba, akaanza. Kutoka ukingoni kwenda katikati, ili doa lisitambae. Petroli, sabuni, kanyanga, sabuni tena. Alianza na kidevu. Mdomo ukaondoka. Pua ikaondoka. Mimi nilisimama pembeni nikimpa pamba.

“Usiogope,” akaniambia. “Nta iko nta, wino iko wino. Batatoka.”

Vingetoka. Alikuwa amebakiza jicho moja na kofia. Hapo mlango ukafunguka, akaingia sekretere wa Chama wa kartie yetu, kuchukua abakosti yake, lile koti la wakubwa wa Chama. Wakati ule Masista walipokea pia nguo za watu wa nje, na yeye alikuwa amejimwagia sombe yenye mawese kwenye karamu fulani, begani mpaka mfukoni. Abakosti ilikuwa tayari imetundikwa nyuma ya mlango, haina hata kivuli. Maman Mapendo alikuwa ameipigania siku mbili.

Hakuiangalia abakosti. Aliangalia meza.

“Hii ni nini?”

Akasogea, akainama.

“Nani iko anamufuta Guide?”

Mikono ya Maman Mapendo ilikuwa imejaa povu. Yangu ilikuwa mikavu. Sekretere akainua sauti: “Niliuliza: nani alianza?”

Maman Mapendo akageuka akaniangalia. Hakuninyooshea kidole. Hakunikonyeza ninyamaze, wala hakuniomba niseme. Aliniachia tu nafasi, kama mtu anayekushikia mlango upite. Nafasi ile ilikuwa ndefu. Ningeweza kusema mambo mengi ndani yake. Nikasema: “Maman Mapendo njo mwenye kazi hapa.”

Angalia vizuri nilivyolisema. Sikusema uongo hata neno moja. Ni kweli yeye ndiye alikuwa mwenye kazi. Shule ilikuwa imenifundisha kuchagua maneno, nikayachagua. Kila neno lilikuwa safi, na yote kwa pamoja yalimpeleka kasho, kifungoni.

Hakubisha. Alinawa mikono, akaifuta kwenye kikwembe, akatoka. Sekretere alitangulia na abakosti yake mkononi, imenyooka, inang’aa, na nyuma yake akamfuata yule aliyeisafisha. Mimi nilibaki na kofia ya chui na jicho moja. Nikamaliza kuvitoa. Nilifanya kazi nzuri sana. Ukienda kanisani Pasaka ijayo kitambaa kile kitakuwa pale, na hakuna macho duniani yatakayoona kitu.

Alikaa kasho siku tisa. Hakunitaja hata siku moja katika hizo tisa. Walipomtoa alikuwa amenyolewa nywele, na Masista, ambao siku hizo walikuwa wanaogopa hata kupiga kengele kwa nguvu, walimwambia kwa upole apumzike kwao kwa muda. Muda ule haujakwisha mpaka leo. Alirudi Luberizi kulima mpunga akiwa na mgongo uliozoea pasi. Na ufunguo wa buanderi, Bernadette, walinipa mimi. Niliupokea. Nikasema aksanti. Ufunguo huo ndio umekusomesha tangu darasa la kwanza mpaka diploma.

Sasa nakuja kwenye sehemu inayonikera kuliko zote.

Familia yetu ina namna yake ya kuisimulia habari hii. Tonton anaijua, bibi yako Mudaka anaijua, na wanapoisimulia wanashusha sauti wanasema: maskini Nsimire, angefanya nini, alikuwa peke yake, mume hayupo, mtoto mgongoni ana homa kali. Mimi ndiye niliyewapa maneno hayo. Niliyasema mara moja, wakanihurumia, nikaona ni matamu, nikayarudia mpaka nikaanza kuyaamini.

Hukuwa na homa. Ulikuwa umekuwa nayo, Ijumaa Kuu na Jumamosi, lakini Jumatatu ile ilikuwa imeshuka tangu alfajiri. Hukuwa hata mgongoni. Ulikuwa umekaa chini ya meza, mzima kabisa, unakula ndizi na kuimba. Nilipofungua mdomo wangu mbele ya mtu yule sikukufikiria wewe. Niliufikiria mwili wangu mimi, nywele zangu mimi, ngozi yangu mimi. Wewe nilikuingiza baadaye, jioni, nilipohitaji kitu cha kujifunika. Nimekuvaa kwa miaka yote hii, na leo nakuvua. Hukuwa sababu. Mtu yeyote akikuambia kwamba mama yako alifanya vile kwa ajili yako, hata akikuambia kwa wema, mkatalie usoni.

Unakumbuka siku ya komunyo yako ya kwanza? Mshumaa ulikudondokea kwenye gauni, na mama wa rafiki yako, kwa wema wake, akatoa kipande cha gazeti kwenye kikapu akainama akufute. Nilimpokonya gazeti nikakupiga kofi wewe. Mbele ya kanisa, umevaa taji la maua. Ulilia hosti ikiwa bado mdomoni. Nyumbani niliitoa nta ile kwa karatasi nyeupe, vizuri, nikakurudishia gauni lako kama jipya, nikadhani tumelipana. Hatukulipana. Ulinikimbia siku tatu, nami sikukuambia ni kwa nini mkono wangu uliruka. Sasa umejua. Nilikosea, na ulikuwa na miaka minane.

Usidhani nimekaa kimya bila kujaribu. Nilikwenda kuungama. Padri alikuwa mzee mpole. Alinisikiliza, akanipa rozari tatu, akasema mambo yamekwisha, niende na amani. Nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi. Mimi rozari tatu, Mapendo siku tisa. Sikuwahi kugombana na kanisa kabla ya siku ile, lakini tangu siku ile huwa nagombana nalo kila ninapopiga magoti. Padri alinisamehe yeye. Si yeye aliyenyolewa.

Baadaye nikajaribu njia ya waoga. Nilinunua kikwembe kizuri, kile cha buluu chenye maua meupe, nikampa mama mmoja muuza mchele anayepanda na kushuka Luberizi, ampelekee Mapendo bila kusema kimetoka kwa nani. Kana kwamba Mapendo ni mjinga. Baada ya mwezi kilirudi. Muuza mchele aliniambia kwa aibu kwamba njiani kidumu cha mawese kilipasuka juu ya mzigo, kikwembe kilifika kimeloa mafuta upande mzima, naye akakitoa hivyohivyo akiomba radhi. Mapendo alikipokea, akauliza kimetoka wapi, akakaa nacho siku mbili, akakirudisha.

Nilikifungua kwenye mwanga wa dirisha. Nilikitafuta kile kidoa kila mahali, nikakigeuza ndani nje. Hakikuwapo. Kilikuwa kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne na kona zake zimelingana, namna ambayo mtu mmoja tu ndiye anayekunja hivyo. Hapakuwa na neno lolote. Nililia siku nzima, kisha nikakasirika, kwanza naye, halafu na nafsi yangu. Sijawahi kukivaa.

Masista wanapenda kusema kwamba dhambi ni kama doa. Nimesikia hotuba hiyo mpaka masikio yameota sugu, na kama mfuaji naikataa. Doa ninalijua. Doa linatoka. Nipe mawese, nipe nta, nipe grisi ya lori, nipe chochote kinachoteleza, nitakurudishia nguo yako jioni. Hili halitoki, na nimeacha kujifanya nalifua. Lililobaki ni kulisema. Wazee walisema mficha uchi hazai, nami nimeficha vya kutosha.

Tonton alikuja leo asubuhi akanikuta na karatasi hii. Nikamwambia ninachoandika. Akavuta kiti akaketi.

“Dada, maji yakimwagika hayazoleki.”

“Mimi niko mufuaji,” nikamwambia. “Maji ikimwagika naenda kuchota ingine.”

“Na barua hii ikianguka mu mikono ya watu ya Chama? Utaandika na mukono yako kama ni weye ulimufuta Guide?”

“Nitaandika. Basi batakuwa bamepata mwenye kosa. Bamechelewa, lakini batakuwa bamemupata.”

Akasema nina wazimu. Akasema nitakuharibia kazi kabla hujaianza. Huenda kweli. Nimelifikiria hilo tangu Jumapili, na silali vizuri, na bado naona ni afadhali uanze kazi ukiwa na mama mwenye aibu inayojulikana kuliko uanze na jina la uongo mdomoni ambalo itabidi ulilinde kila siku. Najua kazi hiyo ya kulinda. Inachosha kuliko kufua. Tonton anakupenda, usimchukie. Ila anakupenda kwa woga, na woga katika nyumba hii umekwisha kula chakula cha kutosha.

Kwa hiyo sikiliza. Noeli nitashuka mwenyewe Luberizi. Nitasimama mbele ya nyumba yake mchana kweupe, watu wakiona, na nitasema kwa mdomo wangu maneno ambayo nafasi ile ndefu ilinisubiri niyaseme. Sitaomba unitangulie kuniombea. Msamaha hautumwi kwa mkono wa mtoto, na mimi sijui hata kama nina haki ya kuuomba. Akinimwagia maji machafu nitabaki nimesimama. Maji machafu ni kazi yangu.

Ukikutana naye kabla sijafika, msalimie kama unavyomsalimia mtu mzima yeyote, kwa magoti. Akikufungia mlango, usikae nje ukilia kwa ajili yangu, na usimweleze kwamba mama ameteseka. Hakuuliza. Nenda zako ukatayarishe somo la kesho.

Lakini anayo haki ya kujua kwamba nakuja, ili achague mwenyewe kama atakuwa nyumbani au la. Na hapa ndipo ninapokuhitaji. Yule muuza mchele ameniambia kwamba Mapendo bado hajui kusoma, na kwamba ana wajukuu, na kwamba wawili kati yao wanaingia darasa la kwanza mwaka huu. Hakuna darasa la kwanza lingine kule, Bernadette. Ni lako.

Wafundishe. Wafundishe bila haraka na bila konzi, na usiwapendelee mbele ya wenzao, watajua. Kabla ya Noeli mmoja wao atakuwa anaweza kutamka sentensi fupi, silabi kwa silabi, kidole chini ya herufi. Siku hiyo mpe aipeleke nyumbani karatasi niliyoikunja ndani ya barua hii. Usimsomee Mapendo wewe. Wewe ni wangu, utalainisha sauti. Mtoto hajui kulainisha. Nimeandika kwa herufi kubwa zilizotengana, kama zile za ubao, na nimechagua maneno mafupi, safari hii bila ujanja wowote. Yanasema hivi:

MAPENDO HAKUFANYA. NI MIMI NILIFANYA. NINAKUJA NOELI. NSIMIRE.